Somo la Hear na Listen

Jumatatu, 6 Mei

Mkaguzi anakuja Alhamisi! Mwalimu mkuu kanipangia somo: hear na listen, kusikia na kusikiliza. Katika maneno yote ya Kiingereza – hayo! Sikio la kushoto lilikwisha mwaka jana, la kulia linafuata. Daktari kasema hakuna dawa. Sikio la kufa halisikii dawa – miaka kumi na tisa nimewafundisha watoto methali hiyo huku nacheka. Sijamwambia mtu. Mkuu akijua, kazi sina.

Jumanne, 7 Mei

Nimeandaa somo. Yote mawili ni vitenzi. Hear hubeba yambwa yake moja kwa moja: I hear the bell. Listen haiendi bila to: I listen to the bell. Hear hukutokea tu, utake usitake. Listen ni kazi, unaifanya mwenyewe. Basi mimi nafanya kazi kutwa nzima na hakuna kinachotokea. Niliandika hivyo kwenye maandalio, nikafuta.

Watajibu kwa kuandika kwenye vibao na kuviinua, kama kawaida. Wenzangu wanaiita mbinu ya kisasa. Laiti wangejua!

Jumatano, 8 Mei

Mama watoto alinisemesha kutoka jikoni. Nikaitikia, ndiyo, ndiyo, vizuri sana. Akaja akasimama mbele yangu, machozi yanamlengalenga. Mama yake kalazwa – vizuri ya nini? Anadhani nina kiburi. Nilitaka kumwambia ukweli. Nikasema nimechoka. Mwoga mkubwa mimi.

Alhamisi, 9 Mei. Chumba cha walimu

Vibao thelathini na vinane, vyote sahihi isipokuwa vitatu. Nilifurahi, mjinga mimi. Nikageukia ubao kuandika mfano wa mwisho: She listened but heard nothing. Taratibu, kwa mwandiko mzuri. Nilipogeuka – darasa zima linanikodolea macho. Mkaguzi kasimama kule nyuma, kakunja uso, midomo inacheza. Sijui ameuliza mara ngapi. Ndipo safu nzima ya mbele ikainua vibao: ANAKUITA, MWALIMU.

Kumbe wanajua. Tangu lini?

Sasa mkaguzi yuko na mkuu, chumba cha pili. Hatua nne tu kutoka kiti changu. Mkuu anatikisa kichwa. Ananitazama, kisha anaendelea kuongea.

Mlango hawakuufunga.