Kwa Radi, Aliyerekodi Albamu Katikati ya Magodoro

Ni mwaka mmoja sasa tangu gitaa lako linyamaze, mdogo wetu Radi, na majirani wanaapa kwamba bado linawaamsha. Tumewaambia wakulalamikie wewe mwenyewe.

Siku za kazi ulikuwa mwalimu wa chekechea, mwenye sauti ya kubembeleza watoto mpaka mzazi aliyekuja kumchukua mwanawe naye anasinzia mlangoni. Jumamosi sauti hiyohiyo, ikisaidiwa na gitaa la umeme, iling'oa misumari kwenye bati. Paka wa jirani alihama na hajarudi, ingawa tunasikia ana familia huko na anaendelea vizuri. Hukuwahi kumaliza chai ikiwa ya moto. Hukuwahi kwenda kwa mgonjwa mikono mitupu.

Lakini leo tuizungumze ile albamu, maana wajukuu wanadhani tunatia chumvi. Hatutii. Labda kidogo, ya kuonjea.

Bendi yenu haikuwa na studio. Kaka yako alikuwa na karakana ya magodoro, na godoro linameza mwangwi, kwa hiyo mliyasimamisha kuzunguka kuta zote mkarekodi humo katikati: wewe, mpiga besi, na mumeo kwenye drams. Sharti la kaka lilikuwa moja tu, mteja akija auziwe.

Na walikuja! Mnamaliza wimbo, mlango unagongwa.

"Nataka lile la kona," akasema mama mmoja.

"Mama, lile ni ukuta wa studio."

"Mwanangu, mimi nataka kulala, sijengi."

Likaenda. Kesho yake likaenda la dirishani. Wimbo wa kwanza mliurekodi mkiwa mmefukiwa kwenye sponji, kila noti nzito kama uji. Wa mwisho mliupiga kwenye chumba kitupu, kuta zikijibu kila pigo, mpaka mumeo akawa anageuka nyuma kutazama nani mwingine anapiga drams.

Ukaipeleka tepu kwa meneja wa kampuni ya muziki. Alisikiliza hadi mwisho, akavua miwani.

"Nyimbo nzuri, dada, lakini kila mmoja umetoka nyumba yake. Rudia zote kwenye studio yangu. Nitakupa na wapigaji. Hawa wako wapumzike."

"Hawajachoka," ulisema.

"Basi hakitoki kitu."

Tangu usichana ulitamani kuona nembo ya kampuni ile kwenye kava lako. Siku hiyo ulirudi ukalitundika gitaa ukutani. Mumeo akakwambia, "Kubali tu, mke wangu. Mimi nitapiga masufuria jikoni." Hapo ndipo ulipokasirika kweli.

"Nikikubali, albamu ni yake. Mimi nitakuwa mgeni mwalikwa kwenye nyimbo zangu! Itatoka na sisi watatu, au isitoke."

Ukaisikiliza upya, peku, umefumba macho. Ukazipanga nyimbo kwa mfuatano uleule magodoro yalivyouzwa, la kona mbele, la mwisho nyuma. Kile alichokiita kasoro kikawa ndiyo safari yenyewe. Msikilizaji anaanza amejifunika gubigubi, anaishia uwanjani mikono juu.

Ulipompelekea tena, meneja alikataa, akawaonya wenye maduka ya muziki wasiiguse. Kaka akasema haya, duka langu halina muziki, halimhusu. Nunua godoro, upewe kaseti. Mwezi ule walinunua magodoro watu wasiokuwa na kitanda. Bwana mmoja alirudisha la kwake akisema linamuumiza mgongo, kaseti akagoma kuirudisha. Yule mama wa lile la kona alikuja juu kama moto wa kifuu: "Na yangu iko wapi? Ukuta wangu umo humo ndani!" Akapewa mbili.

Kisha mtangazaji wa redio akaja kumnunulia mwanawe godoro. Jumapili mchana akaipiga albamu nzima mfululizo, bila tangazo hata moja. Mtaa mzima ulitoka nje na redio zao. Ulipoisha wimbo wa mwisho akataja wapigaji mmoja mmoja kwa jina, lako, la mpiga besi, la mumeo. Shemeji yetu aliposikia jina lake akasimama wima akaitikia, "Nipo!" Ulicheka mpaka ukalia, ukawashika wote wawili mikono, ukasema, "Mmesikia? Tumetoka wote."

Jumatatu meneja alikuja mwenyewe karakana, akapanga foleni kama watu.

"Dada, nitaitoa kama ilivyo. Na wapigaji walewale."

"Umechelewa, kaka. Imeshatoka. Ila magodoro bado yapo."

Akatazama huku, akatazama kule. Akanunua lile kubwa kuliko yote, akaondoka amelibeba kichwani na kaseti yake mfukoni, na mtaa ukampigia makofi mpaka akapotea kwenye kona.

Unakumbukwa na mumeo, mpiga drams. Na mpiga besi, ambaye tulishamhesabu ndugu. Na wanao, wakwe zako na wajukuu. Na dada zako wawili. Na kaka yako wa magodoro, mstaafu. Na watoto wote wa chekechea, ambao sasa wana vitambi.

Daima tutakukumbuka, Radi, na kwa sauti kubwa.