Ofisi Iliyotafutwa Sebuleni

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na wanangu, na kwamba lile jino umeshaling'oa badala ya kuendelea kulibembeleza. Sisi huku tupo. Baba anakula, analala, presha yake imetulia, na mkono wa kulia bado haujaamka. Mimi sijambo, au ndivyo ninavyowajibu wanaoniuliza.

Utashangaa nakuandikia wakati simu zipo. Kwa simu ungenikatiza kabla sijafika katikati, nakujua. Barua hii nitampa dereva wetu mmoja anayepita kwenu kesho na mzigo, na ameapa ataiweka mkononi mwako.

Kuna habari ya kazi yangu nataka uielewe vizuri, kwa hiyo vumilia nikueleze polepole. Unajua napanga safari za malori ya kampuni, na kwamba tangu Baba apooze meneja aliniruhusu kufanyia kazi nyumbani. Kompyuta yangu inaingia ofisini kwa kitu kinachoitwa VPN. Ichukulie kama mlango wa nyuma, unatoka sebuleni kwetu hadi ndani ya ofisi. Ukifunguka, nafungua brauza na kuona malori yote na kila moja linakokwenda. Usipofunguka, mimi ni mtu tu aliyekaa na mgonjwa.

Basi, tangu shemeji alipokuja kutubadilishia kile kisanduku cha intaneti, mlango ukaanza vituko. VPN inasema imeunganishwa, alama ya kijani inawaka, lakini nikitaka ukurasa wa malori, brauza inazunguka weee, kisha inaniambia imeshindwa kuufikia. Kurasa za habari na za mapishi zinafunguka bila taabu. Ni ofisi tu inayogoma. Madereva wakawa wananipigia wamepaki kando ya barabara, wanauliza wageuze au waendelee, nami sioni kitu.

Nikampigia fundi wa kompyuta wa ofisini, yule tunayemwita Zima-Washa kwa sababu hiyo ndiyo dawa yake ya kila ugonjwa. Nikazima, nikawasha. Akasema nijaribu brauza nyingine, nikajaribu. Akasema nifute kumbukumbu zote za brauza, nikafuta, na nywila zangu nazo zikaenda. Akahisi kompyuta inashindwa kujua jina la ukurasa ni namba gani, maana namba ndiyo anwani yake mtandaoni, akanipa namba yenyewe niiandike. Nikaiandika, wapi. Mwishowe akakumbuka kwamba kompyuta yangu inatumia mfumo wa Linux, akashusha pumzi, akasema ofisi nzima wanatumia Windows, kwa hiyo hapo nimejitakia mwenyewe.

Meneja naye si mtu mbaya. Aliniambia kwa upole kwamba malori hayawezi kungoja, na kama hadi Ijumaa sijapata ufumbuzi, Jumatatu nirudi kwenye meza yangu ofisini. Nikamkumbusha habari za Baba. Akanipa pole, akasema anavyojua nina dada. Nikamjibu ndiyo, ninaye.

Nilipokuambia hayo ulisema nipambane, maana nikiondoka Baba atabaki na nani, na kwako wageni hawaishi. Ukasema tena kwamba nina bahati, nafanya kazi nimekaa nyumbani. Sikukasirika. Siku hizi sikasiriki. Namgeuza Baba, namwogesha, nabadilisha mashuka, nampigia dereva, namlisha, nafua, na moyo umekufa ganzi kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Juzi alianguka chooni. Nilimwinua, nikamfuta damu kidogo juu ya jicho, nikamkalisha, nikaendelea na nilichokuwa nafanya. Baadaye, nikianika nguo, ndipo nikatambua kwamba sikuogopa hata kidogo.

Nikapambana basi, kama ulivyosema. Leo Ijumaa asubuhi, Baba akiwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, nilikiacha kile kisanduku na kuunganisha kompyuta kwa intaneti ya simu yangu. Ukurasa ukafunguka papo hapo. Kumbe tatizo halikuwa Linux wala brauza, lilikuwa humu ndani. Bando la simu haliwezi kubeba kazi ya kutwa, kwa hiyo nikarudi kwenye kisanduku, nikaiamuru kompyuta inionyeshe njia inazopitia. Hapo nikaona kwamba namba za anwani za mtandao wa nyumba yetu na za ofisi ni zile zile.

Nikamkumbuka shemeji. Siku ile anafunga kisanduku aliniomba namba za ofisini, akazinakili moja moja kwa roho safi, akisema nyumba na ofisi zikifanana zitaelewana. Kwa hiyo kila nilipoitaka ofisi, kompyuta iliiona namba ile, ikadhani ni ya mtu wa hapa hapa, ikaanza kuitafuta sebuleni, kati ya kiti cha Baba na meza ya dawa, hadi ikachoka. Mlango ulikuwa wazi muda wote, na haikufikiria kuupita. Nikaingia kwenye kisanduku, nikakipa namba nyingine, nikaunganisha upya. Malori yakajaa kwenye skrini, yanatembea.

Sasa nisikilize, dada, maana hiki ndicho kilichonikalisha kuandika. Nilikaa nikiyatazama yale malori, nikingoja furaha. Haikuja. Nilichoona ni kiti kile, beseni lile, dirisha lile, mwaka huu na mwaka ujao, na wewe ukipiga simu kila wiki kuuliza Baba anaendeleaje. Nikarudi kwenye kisanduku nikazirudisha namba za shemeji kama zilivyokuwa. Ukurasa ukafa. Hakuna aliyenisukuma, na nilijua ninachofanya. Kisha nikampigia meneja.

"Imeshindikana," nikamwambia.

"Basi Jumatatu uje."

"Nitakuja."

Nilipokata simu nilisikia njaa. Sikumbuki mara ya mwisho kusikia njaa, huwa nakula kwa sababu sahani ipo. Nilisimama jikoni nikala viazi vilivyobaki jana, vya baridi, nikavimaliza vyote, na Baba ananitazama kutoka kwenye kiti chake. Nimejaribu kuona aibu ili nikuandikie kwamba naona aibu. Bado sijaiona.

Usimtume shemeji kuja kurekebisha. Najua pa kubonyeza, na sitabonyeza. Jumatatu natoka alfajiri, na Baba hawezi kubaki peke yake, kwa hiyo uje Jumapili. Kama utamchukua au utakaa naye hapa, utaamua wewe. Dawa za asubuhi ziko upande wa kushoto wa meza. Chini ya mkono wa kulia muwekee mto mdogo, la sivyo bega linamuuma na hatasema. Akitafuna usimharakishe. Akigoma kuoga, mwache kwanza, kisha mrudie kana kwamba hamkuzungumza lolote. Ukichoka hata ukashindwa kumwinua, jirani wa mlango wa pili ana mikono yenye nguvu, na haulizi maswali.

Nisalimie wanangu, waambie mama mdogo anawakumbuka. Shemeji mpe salamu zangu nyingi, na mwambie kisanduku chake kinawaka vizuri. Majirani wote wanakusalimu.

Baba naye anakusalimu, kwa namna yake. Tangu augue ananiita kwa jina lako. Sijawahi kumsahihisha, huwa naitika tu. Jumapili uitike mwenyewe.

Ni mimi,
mdogo wako.