Pikipiki Haikukataa, Baba

Baba, shikamoo.

Wiki ya tatu sasa tangu tuanue tanga lako, na Baba Mkubwa bado hasemi na mimi. Sijali. Chanzo ni pikipiki yako, na sitaki habari zake uzisikie kwa mtu mwingine huko uliko.

Unakumbuka walivyokucheka ulipoileta hapa Wazo? Mwalimu mstaafu, mvi kichwa kizima, na pikipiki ndefu ya cc mia mbili, tairi za kashata zenye meno makubwa, ya bei ya chini kuliko zote ndefu pale dukani. Shangazi akasema, "Mzee anataka kuruka milima uzeeni." Wewe ukacheka, ukanifuata kazini Mwenge. Lami ilipoisha ukakata kwenye njia za vumbi nyuma ya machimbo, ukanipa usukani. "Simama juu ya vikanyagio, mwanangu. Kwenye mchanga hakuna kukaa." Nilianguka mara mbili na hukuninyang'anya. Mama alipoona goti langu lina damu alitununia sote wawili mpaka kesho yake.

Siku ya kuanua tanga vitu vyako vilitolewa uani vikagawiwa. Koti kwa huyu, redio kwa yule. Mimi nikapewa miwani. Ilipofika pikipiki, Baba Mkubwa hakumuuliza mtu: "Hii achukue Elia. Mtoto wa kike ataipeleka wapi?" Elia mwanawe, wa bodaboda Sinza, alishasema ataishusha iwe fupi, abiria wapande bila shida. Nikasema uliniahidi mimi. Wakanitazama kama nimetukana.

Elia akapanda, akawasha, ikaitika. Akatia gia, ikazima. Akawasha tena, akatia gia, ikazima. Mara tano, mara sita, jasho linamtoka. Wewe ungejua mara moja. Bodaboda yake inaondoka hata stendi ikiwa chini. Yako haikubali gia mpaka stendi uikunje. Wewe mwenyewe siku ya kwanza uliisukuma kutoka dukani kwa kosa hilohilo.

Shangazi akajishika mdomo. Baba Mkubwa akavua kofia. "Marehemu amekataa," akasema. "Basi, ibaki hapahapa kwake, asiiguse mtu."

Baba, nakiri nilinyamaza kidogo. Kimya changu kingetosha isiondoke nyumbani. Lakini ikae chini ya turubai kama kaburi la pili, nami niogope kuigusa kwa ajili ya mzimu ambao haupo? Wewe, uliyefundisha fizikia maisha yako yote? Nilikasirika, na wewe pia nilikukasirikia. Kwa nini hukuwaambia ungali hai kwamba ni yangu? Uliniambia mimi tu, jikoni, tukimenya viazi. Hasira hiyo bado ninayo.

"Hajakataa," nikasema. "Stendi iko chini."

Nikamshusha Elia. Nikapandisha gauni jeusi juu ya magoti mbele ya wazee wote, nikakunja stendi kwa kisigino, nikawasha, nikatia gia. "Neema, shuka!" Nilimsikia Baba Mkubwa vizuri sana. Nikatoka getini bila helmeti, hilo unisamehe, nikaenda mpaka machimbo, nikasimama juu ya vikanyagio nikilia kwa sauti. Sijawahi kukukumbuka hivyo.

Sasa naenda nayo kazini kila siku. Kwenye taa za Mwenge wanaume wananiuliza, "Sista, utaimudu hiyo kweli?" Taa zikiruhusu nawaacha hapohapo na swali lao. Mama anasema hataki kuniona juu yake, ila kila asubuhi nakuta kiti kimeshafutwa vumbi.

Jumamosi Baba Mkubwa ameitisha kikao kingine, kwake Temeke, "kumrudisha huyu mtoto kwenye mstari." Nitakwenda, na nitakwenda nayo.

Pumzika, Baba. Nakukumbuka kuliko ninavyoweza kuandika. Nakuahidi haitafupishwa wala kuuzwa, na helmeti sitaiacha tena. Jumamosi nitampa Baba Mkubwa shikamoo yake kwa heshima zote, nitakaa nitakapoambiwa nikae, nitamsikiliza mpaka amalize. Halafu nitamwambia hapana. Akiuliza nani amenipa jeuri hiyo, nitakutaja wewe kwa jina.

Mwanao,
Neema