Mkono wa Mwisho wa Mstari

Bibi, mke mwenzangu,

Salamu zangu zikufikie huko uliko, Mola akupanulie kaburi lako. Huku mtaani Gerezani tu wazima. Kiti chako kipo uani, paka wa jirani amekirithi bila kumuuliza mtu. Mimi bado nauza kanga Kariakoo, na wateja wakipungua mikono yangu huanza kucheza yenyewe juu ya meza.

Nakuandikia kwa ajili ya lelemama, ngoma yenu ya akina mama.

Unakumbuka ulivyonifundisha miezi ile ya mwisho, umeegemea mto, miguu imeshakukatalia? Ulisema, "Shika mikono kwanza, miguu itafuata." Nikashika kila ulichonionyesha, hata ule mkono wa kushoto unaoshuka taratibu, kiganja kikitazama chini. Arobaini yako ilipopita nikawafundisha binti za mtaani, tukanunua kanga za sare, tujiandae kwa harusi ya mjukuu wako Salma. Watu walishasema lelemama imezikwa nawe. Iliniuma, nikataka waione ipo.

Bibi, tuliaibika. Siku ya mazoezi tulimwita Mzee Shomari, mpiga ngoma wenu. Mikono yetu ikashuka yote pamoja, naye akageuza mdundo. Ikashuka tena, akageuza tena. Tukakanyagana mpaka mzee akaweka ngoma chini. Shoga yako Bi Mwanaidi, tuliyemtoa Mchikichini aje atukague, alicheka hadi akafuta machozi kwa upindo wa kanga.

"Huo mkono ni wa Zuhura," akasema. "Yeye alisimama mwisho wa mstari, karibu na ngoma. Akiushusha, mpigaji anajua ageuze. Sasa nyie wote mmekuwa Zuhura?"

Kumbe ulinifundisha nafasi yako tu, nami nikadhani ndiyo ngoma nzima. Nilicheka na wenzangu, kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikalia. Bi Mwanaidi akaanza upya kutufundisha nafasi ya katikati, aliyoicheza yeye. Ya mbele anaikumbuka nusu. Iliyobaki anasema anayo mwenzenu aliyehamia Tanga, na mvua zikiisha tutamfuata.

Harusini nilitaka kujificha katikati. Bi Mwanaidi akanishika bega, akanipeleka mwisho wa mstari. Ngoma ikalia. Wakati ulipofika nikaushusha mkono, peke yangu. Mzee Shomari akanitazama, akageuza mdundo, na mstari wote ukageuka nao. Nilikukumbuka sana pale, Bibi, kuliko hata siku ya mazishi.

Basi pumzika, mke mwenzangu. Nafasi yako haitakaa wazi. Kila Ijumaa jioni namsimamisha binti wa jirani ubavuni kwangu, namfundisha mkono wako, kisha namtuma kwa Bi Mwanaidi akafundishwe mingine. Nakuahidi sitangoja mpaka niegemee mto.

Mjukuu wako,
Mwajuma