Swichi Mpya ya Kiwanda cha Pweza

Jumatano, 4 Februari 2004

Leo wamenijua! Kiwanda kizima cha pweza hapa Kilwa Masoko, kuanzia mkurugenzi Bwana Abdulatifu mpaka akina mama wanaosugua pweza kwa chumvi uani, wote wameona mgeni wa kutoka Dar akiniuliza mimi. Mimi, Tomaso Chilumba, darasa la sita la misheni, fundi niliyefufua rada ya meli ya Wagiriki pale Mtwara kwa waya wa mtego wa panya. Nahodha alilia machozi. Akataka kunichukua Ugiriki. Nikamwambia, na mihogo yangu nani ataipalilia?

Mgeni anaitwa Edwin. Kijana, tai nyekundu, jasho mpaka kwenye soksi. Anauza swichi. Si swichi ya taa — ni sanduku la chuma lenye matundu kumi na sita. Nyaya za kompyuta zote zinaingia humo na kupeana habari: mzani, ofisi, stoo, na kile kipima baridi kilichomo ndani ya koldrumu, chumba cha kugandishia pweza. Bila swichi kila kompyuta ni bubu. Yetu ni ya kampuni ya Kestrup, ya kijivu, tangu mwaka juzi. Edwin anauza Zentari.

Nikamwambia yetu haijafa, tuhame kwa nini? Akacheka. Anasema, mzee wangu, hakuna kampuni inayohama kwa sababu ya kifo. Wakala wa Kestrup kafunga duka Dar, ikiharibika mtasubiri Nairobi. Halafu Zentari ni rahisi. Halafu wenzenu wa Lindi wamekwisha hama. Hapo kwenye wenzetu wa Lindi nikamwona Bwana Abdulatifu anakaa vizuri kwenye kiti.

Soko huria hili! Zamani kitu kilikuwa kimoja na unashukuru. Sasa hata sanduku la matundu lina wapinzani.

Ijumaa, 6 Februari

Zentari imepita, tunainunua. Edwin aliweka Zentari mezani, akachomeka. Ikanguruma! Ina feni mbili nyuma. Bwana Abdulatifu akaweka kiganja, akasema, mashallah, inatoa upepo. Ile ya Kestrup haina feni wala tundu la hewa, imezibwa kama kopo la maziwa, ukiigusa ina joto. Mimi nikasema mbele ya wote: kwa pwani yenye joto kama hili, mashine isiyopumua ni maiti. Wakatikisa vichwa kwa kukubali. Maneno yangu hayo!

Musa mlinzi, huyu mtu wa Kilwa Kivinje mwenye ulimi, akadakia: "Haya, injinia wa mihogo kanena." Utani wake naujua. Nikamwambia babu yake alinunuliwa na babu yangu kwa kikapu cha dagaa.

Jambo moja tu. Fomu ilitaka sahihi ya mtumiaji, kwamba kifaa cha zamani hakifai. Mtumiaji ni Restuta, mtoto wa dada yangu Devota. Yeye ndiye mwenye kompyuta ya koldrumu. Kila asubuhi anasoma baridi kwenye skrini, anaandika kwenye kitabu cha wanunuzi wa Ulaya, anatia sahihi. Sheria yao, baridi isilegee kupita kumi na nane chini ya sifuri. Ikilegea, mzigo unakataliwa, na mwenye sahihi ndiye anayeulizwa.

Akasema polepole, "Lakini mjomba, hii ya zamani inafaa."

Nikamtazama tu. Kwetu mjomba haulizwi mara mbili. Mimi ndiye niliyesimama kwenye posa yake, mimi ndiye niliyempeleka shule baba yake alipowakimbia. Akainama, akasaini.

Jumanne, 10 Februari

Nimefunga Zentari kwa mikono yangu. Ile Kestrup nilipoifungua ndani ilikuwa safi kama sahani ya sikukuu. Miaka miwili, hata kutu hamna! Nimeipeleka stoo.

Edwin kaniachia zawadi. Kasha la kadi mia mbili, za kumeta: INJINIA T. CHILUMBA, ZENTARI, KANDA YA KUSINI. Nimempa padri moja. Nimempa Musa moja, akaipindua, akauliza kama nyuma kuna bei ya mihogo.

Alhamisi, 19 Februari

Saa moja asubuhi nimekuta Zentari imeganda. Taa zote zinawaka, hakuna inayopepesa. Nikaizima, nikahesabu mpaka kumi, nikaiwasha. Ikarudi. Restuta alikuwa bado hajafika. Hakuna aliyeona.

Mashine mpya. Inazoea hali ya hewa.

Jumapili, 22 Februari

Imeganda jana, imeganda leo. Nazima, nawasha. Chumba chake kimepakana na ua wa chumvi — akina mama wanaposugua pweza ule ukungu wa chumvi unapanda mpaka dirishani, na zile feni zinauvuta. Nimetia kidole nyuma. Unga mweupe. Nimeulamba. Chumvi.

Kwa hiyo ile isiyopumua…

Basi. Nimefuta kwa kitambaa. Bamvua limekuwa zuri, maji yamekupwa mbali, akina mama wa kikundi cha Mwahija wametoka mwambani na pweza wakubwa kama mifuko ya nazi. Tani kumi na nane zimo koldrumu. Haijawahi kutokea!

Jumatano ya Majivu, 25 Februari

Afisa wa uvuvi ametia lakiri, muhuri wa serikali, mlangoni mwa koldrumu. Ndiyo desturi: mzigo ukishakamilika mlango unafungwa kwa lakiri, hauguswi na mtu mpaka lori la barafu lifike na mkaguzi wa wanunuzi. Karatasi kwanza, kuvunja lakiri baadaye, kupakia hapohapo. Hadi siku hiyo hakuna jicho linaloingia ndani. Kuna skrini ya Restuta tu. Ile saa ya baridi iliyokuwa mlangoni tuliing'oa kompyuta zilipokuja. (Nilishauri mimi.)

Leo skrini inasema kumi na mbili… hapana, ishirini na mbili chini ya sifuri. Nimeandika vibaya, mkono una majivu.

Nimegundua tabia moja ya hii programu ya baridi. Swichi ikiganda, programu haipati habari mpya, lakini haisemi. Inaendelea kuonyesha namba ya mwisho, ya kijani, imetulia. Haijui kusema sijui.

Kila asubuhi nazima, nawasha, kabla ya Restuta. Nimeficha hata kwa mke wangu. Nitasemaje? Kadi nimegawa sabini.

Jumapili, 29 Februari

Musa kanisimamisha getini baada ya misa. Hakuwa na utani. Kasema, "Injinia, kompresa ya koldrumu siku hizi haipumziki. Zamani ilikuwa inalia, inanyamaza, inalia. Sasa inalia tu. Tangu juzi."

Nikamjibu ndiyo nguvu hiyo. Nikamweleza nilivyomsaidia Mjerumani kufunga mtambo wa barafu Mtwara, na ule ulilia miaka kumi bila kunyamaza. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Sawa, mzee." Musa hajawahi kuniita mzee.

Lori limekwama Nyamwage, njiani kutoka Dar. Mvua. Magari yamelala kwenye tope siku ya tatu.

Jumatatu, 1 Machi

Nimezima, nimewasha. Namba ikaja mpya: kumi na tisa. Jana ilikuwa ishirini na moja.

Joto la Machi. Itashuka.

Restuta kaja, "Shikamoo mjomba," kasoma, kaandika kumi na tisa, katia sahihi. Kauliza, "Imepanda kidogo?" Nikamwambia bado iko ndani ya sheria. Akaridhika. Akiambiwa na mjomba anaridhika.

Nilitaka kumwambia leo. Nilifika hadi mlangoni kwake. Alikuwa anacheka na simu yake mpya, mchumba wake ametuma ujumbe. Nikaomba bisibisi, nikarudi.

Saa nane habari imefika: shemeji yangu Rafaeli wa Mchinga amefariki. Lazima niende. Mimi ndiye msemaji wa ukoo, maiti haiwezi kuondoka nyumbani bila neno langu. Nimesimama mbele ya Zentari na begi mkononi. Nani nimwachie kazi ya kuzima na kuwasha? Kumwachia mtu ni kumwambia. Nikaifuta chumvi, nikaiwasha upya, nikaomba.

Alhamisi, 4 Machi. Mchinga

Tumezika. Nimesema vizuri, watu wamelia. Nimempigia Restuta simu kutoka dukani. Nimemuuliza namba.

"Kumi na tisa, mjomba."

Na jana?

"Kumi na tisa. Na juzi. Imetulia vizuri kabisa, Bwana Abdulatifu anakusifu."

Nimekata simu. Muuza duka kaniuliza kama nimepata msiba mwingine.

Nilitaka kuondoka leo. Wazee wamesema msemaji haondoki kabla ya kuanua tanga. Nimekaa. Sili.

Jumapili, 7 Machi

Nimefika Masoko alasiri, sijaenda nyumbani. Kiwanda kimya, Jumapili. Kompresa inalia. Nimesimama ukutani nikihesabu, labda itapumzika. Nimehesabu elfu moja mia nne. Haikupumzika: inaikimbiza baridi, haiipati.

Mbele ya koldrumu kuna paka. Si mmoja. Kumi na moja, wamekaa kwa mstari kama wanaosubiri posho. Musa kasema wapo tangu Ijumaa, anawapiga mawe, wanarudi. Chini ya mlango pana unyevu, nimegusa kwa kidole gumba. Huenda ni maji ya kudekia.

"Injinia," Musa kasema, "wewe ndiye mjuzi. Ni nini hii?"

Miaka yote nimemjibu huyu mtu, hajanishinda hata mara moja. Leo nimeokota jiwe, nikawatupia paka.

Sikuingia chumba cha swichi. Ikiwa nitaizima na kuiwasha, namba ya kweli itatokea. Sikutaka kuwa peke yangu nayo.

Jumatatu, 8 Machi

Lori limefika alfajiri, tope mpaka kwenye kioo. Mkaguzi kaja nalo, mama mmoja wa Dar mwenye miwani, mpole, hataki hata chai. Karatasi kwanza.

Naandika haya kwenye chumba cha swichi, nimekaa juu ya ndoo ya chumvi, daftari gotini. Ofisi ya Restuta iko nyuma ya ukuta huu tu, tena wa mbao. Nasikia kila neno.

Zentari imeganda. Nilijua. Taa zote zinawaka, hakuna inayopepesa. Matundu ya feni yameota kutu ya kijani pembeni. Feni moja haizunguki.

Mkaguzi anafungua kitabu. Anasoma kwa sauti: kumi na tisa, kumi na tisa, kumi na tisa… siku nane. Anasema miaka yake yote hajaona chumba kilichotulia hivi, hata nukta haikusogea. Bwana Abdulatifu anacheka. Anasema ni mtambo mpya, tuna injinia wetu hapa, mwana wa hapahapa. Mkaguzi hakucheka. Anasema, "Hata nukta." Kisha karatasi zinafunuliwa.

Anamwambia Restuta: hii ni hati ya mwisho. Ukitia sahihi unathibitisha kwamba namba zote hizi ni za kweli na wewe ndiye uliyezisoma. Tukishavunja lakiri, ndani tutakachokuta kitapimwa kwa neno lako. Umeelewa, mwanangu? Restuta kasema ameelewa.

Akisaini, ni neno lake. Kabla ya kusaini, kosa ni la mashine, na la fundi wa mashine.

Waya wa umeme uko hapa, mbele ya goti langu. Kuzima, kuhesabu kumi, kuwasha. Skrini yake itabadilika mbele ya macho yao wote. Au nigonge tu huu ukuta. Niseme maneno mawili. Nimeshasema maneno mangapi maishani mwangu! Nahodha wa Wagiriki nilimsemesha Kigiriki — uongo, sikumsemesha wala sikugusa rada, nilikuwa mbeba mizigo, nilimwona kwa mbali.

Kalamu imefunguliwa, nimeisikia.

Kiti kimesogezwa. Ni Restuta. Anapenda kuuliza kwanza, ndivyo dada yangu alivyomlea. Anagonga mbao kwa kidole, upande wake, karibu na sikio langu.

"Mjomba? Uko humo? Wanataka nisaini. Nisaini?"

Nimeshika waya. Anagonga tena.

"Mjomba?"