Dirisha Nililolipiga Misumari

Jumatatu, 3 Machi
Umeme umekatika tena! Gauni la bibi harusi linatakiwa Jumamosi, nami nimebaki na pasi ya mkaa. Halafu wifi kaja kufungua dirisha. Vumbi lote la barabarani juu ya kitambaa cheupe pe! Eti chumba hakina hewa. Tangu mume wangu amlete dada yake hapa, sina amani. Si asuke nywele za wateja wake aniachie cherehani yangu? Nilisonya tu.

Jumanne, 4 Machi
Kafungua tena. Nimelipiga misumari! Wifi kasimama mlangoni anatafuna karanga, akauliza namfungia mwizi au yeye. Nikamjibu wote wawili.

Alhamisi, 6 Machi
Jana nilikuwa nakufa — na sikujua! Nilikomea mlango, jiko la mkaa pembeni. Kichwa kikaniuma, nikasema nijilaze kidogo. Basi. Nilizinduka uani natapika, majirani wamenizunguka. Daktari anasema ile hewa ya mkaa ni sumu, haina hata harufu.
Wifi aliita, sikuitika. Akavunja kioo cha dirisha kwa mikono mitupu — jamani, mitupu! — akaingia, akaniburuta nje. Gauni limejaa damu yake. Wala sijali.

Ijumaa, 7 Machi
Mkono wake wa kulia umeshonwa. Kano zilikatika. Msusi, mkono wa kulia! Na misumari nilipiga mimi.
Mama wa bibi harusi kaja kufoka. Siku nyingine ningemjibu mpaka akome. Leo nimemsikiliza hadi mwisho, nikamwomba radhi. Navuta pumzi, nasikia mtu akinifokea — nashukuru! Nimepagawa nini?

Jumapili, 9 Machi
Hospitali. Nimemlisha wifi uji. Eti wa moto. Mara umepoa. Mara hauna sukari. Nikasema sawa, wifi yangu. Akanikodolea macho, akasema namtisha, nigombane naye basi hata kidogo! Tukacheka. Kisha nikalia, nikamwomba anisamehe. Akasema nipunguze sauti, wagonjwa wamelala.
Daktari kafungua bandeji. Kamwambia ajaribu kukunja vidole, taratibu, kimoja kimoja. Gumba — limekunjika! Cha pili — kidogo. Sasa cha kati. Wifi ameacha utani. Kanishika kwa mkono wa kushoto, ananinong'oneza nimwambie kama kinasogea, maana yeye amefumba macho —