Dema Kwenye Gurudumu

Mjukuu wangu Salim,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Huku Utende hatujambo. Mama yako kaanika mwani wake, na babu yako magoti yanamsumbua lakini ulimi haujambo.

Umeniuliza uifungie pikipiki yako taa za rangi au spika, upate abiria. Nikaikumbuka pikipiki ya kwanza ya babu yako. Alipakia abiria kwa nauli, lakini wanawake walikuwa hawaipandi. Pikipiki tulikuwa tukikaa upande, na jirani yetu mmoja baibui lake lilinaswa na gurudumu, akaanguka. Babu yako akaanza kutafuta wa kumuuzia.

Nikamwambia anipakie mimi kwanza. Nilipokaa nyuma nikaona miguu haina pa kukanyaga, na gurudumu liko wazi. Basi nikasuka fito kama nilivyomwona baba akisuka dema zake za kutegea samaki, nikalifunika gurudumu. Chini tukafunga kibao cha miguu. Vijana wakacheka: "Mmefunga dema kwenye pikipiki, mtavua nini?"

Siku ya Idi mama mkwe wangu, aliyeapa hapandi, alifika mjini Kilindoni kwa pikipiki hiyo na baibui lake jipya, hata uzi haukuchomoka. Akashuka taratibu ili wamwone. Jioni wanawake walimgombea babu yako, na vijana wale wale wakaja kumuuliza fito anakata wapi.

"Muulizeni mke wangu," akawaambia. "Hao samaki wake wamejaa barazani."

Taa funga, baba. Ila kwanza mpe mwenzio aendeshe, wewe ukae nyuma.

Bibi yako, anayekuombea njia nyeupe.